Kandida na Herufi Iliyopungua

Kandida wa kijiji cha Nakwa, Babati, alikuwa mtu wa kushuku, wala hakuficha. Ukimletea sukari robo kilo, alionja kwa ncha ya kidole, kisha akaimwaga kwenye ungo kutafuta chembe za mchanga. Ukibisha hodi kwake, alikuitikia karibu akiwa ameshachungulia dirishani na kukutazama viatu. Alikuwa mkunga, na wakunga wenzake walimcheka kwamba hata mtoto mchanga anamgeuza mara mbili, asije akawa amebadilishwa njiani. Walicheka, lakini binti zao wenyewe wakishikwa na uchungu walimwita yeye. Mtu asiyeamini upesi huwahi kuona mambo yanapoanza kwenda mrama.

Mwaka ule wa 1983 kushuku hakukuwa kwake peke yake. Pale Bagara foleni ya sabuni ilianza kabla duka halijafunguliwa, ikavunjika sabuni yenyewe haijaonekana. Watu walikunywa uji wa yanga, ule unga wa njano uliotoka ng'ambo, huku wakiulizana umetiwa nini. Redio ilitaja wahujumu uchumi asubuhi na jioni. Basi kila mwenye magunia mawili ya kitu alitazamwa, na kila aliyetazamwa alijiuliza ni jirani gani amepeleka jina lake. Kandida aliona kwamba watu wamemfuata tu kule alikokuwa amekaa siku nyingi.

Alianza kukaa huko mwaka wa Uhuru. Siku hiyo walikuja kumwita kutoka boma la mfugaji mmoja upande wa Bonga, jina lake Gidamis. Mkewe Bernadeta alikuwa na uchungu siku ya tatu. Kandida alikwenda mbio, lakini alipofika aliwakuta wanawake wamekaa nje kimya, na kimya kile akakielewa. Wazee wa ukoo walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja akamwambia kwamba kwao mwanamke hazikwi na mtu mwingine ndani yake. Ni lazima watenganishwe, kila mmoja awe na kaburi lake. Kisha wote wakamtazama yeye na kikapu chake, wakijua kwamba ndani yake mna wembe.

Akaingia, akafanya walichomwambia. Mtoto alitoka rangi ya majivu, na Kandida alikuwa tayari amenyoosha khanga ya kumfunika pale mtoto alipolia. Aliishi hadi asubuhi ya pili, naye akamfuata mama yake.

Maneno hayakuchelewa. Kisimani walisema Kandida amekata mtu. Wengine waliongeza kwamba amekata maiti, wengine hawakuongeza kitu, na hao wasioongeza ndio aliowaogopa zaidi. Gidamis alihamisha ng'ombe wake akaenda nyanda za Hanang, na kila walipokutana kwenye mnada aligeuza uso. Kandida hakuuliza kwa nini. Alidhani anajua. Toka hapo akawa kila akiona watu wawili wanazungumza chini chini, anahisi jina lake limo.

Sasa twende kwenye Jumapili ile ya Julai.

Paskalina, binti yake, aliyeolewa na Melkiadi, mkulima wa mahindi na mbaazi hapo hapo Nakwa, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Uchungu ulianza Jumamosi. Kandida alimpapasa tumbo na kutoridhika. Alipapasa tena. Kichwa hakikuwa mahali pake, mtoto alikuwa amelala kama mtu aliyelala kitandani kwa upana. Jumapili kabla ya adhuhuri chupa ya maji ilipasuka, na kilichotangulia kikawa mkono. Mkono mdogo, vidole vimekunjana, wa rangi ya zambarau.

Kandida alinawa kwa majivu, maana sabuni haikuwepo, akatoka nje kwa mkwewe.

"Baba, tafuta gari," akasema.

Melkiadi akashangaa. Huyu ndiye mama mkwe aliyewaambia watu miaka yote kwamba hospitali kuna mumiani, kwamba ukiingia na damu yako utatoka bila. "Gari la kwenda wapi, mama?"

"Hospitali. Mkono umetangulia. Mimi kazi yangu imeishia hapo."

Melkiadi alikimbia hadi Bagara kwa mzee Anselimu, mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa na pikapu kuukuu na petroli kidogo aliyoificha kwenye debe. Anselimu alikuwa na hofu, na haki yake. Jumapili baada ya saa nane mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Saa hizo ilikuwa imeshagonga tisa. Lakini alipoambiwa habari ya mkono aliwasha gari.

Wakawachukua Paskalina na mama yake, na mbele kidogo walikuta mti umelazwa barabarani. Palikuwa na polisi mmoja na mgambo mmoja.

"Kibali?"

"Nina mgonjwa, afande," Anselimu akasema.

Mgambo alizunguka nyuma, akamtazama Paskalina aliyelazwa juu ya magunia, na Kandida aliyempakata kichwa. Akatabasamu, tabasamu la mtu asiyedanganyika mara mbili. "Wiki iliyopita mwingine alipita hapa na mimba ya miezi tisa. Tulipomfungua tulikuta vitenge saba."

"Njoo uguse," Kandida akamwambia. "Panda. Lakini ukigusa ukakuta ni mtoto, hushuki tena. Utamshika huyu mkono mpaka tufike."

Paskalina akapiga ukelele ambao hakuna kitenge kiwezacho kuutoa. Polisi mwenyewe ndiye aliyeinua mti. Kandida hakumshukuru. Alimtazama kwa nyuma hadi kona, asije akaandika namba ya gari.

Hospitali ilikuwa ya misheni, huko juu baada ya kupanda milima, na daktari aliyekuwepo aliitwa Rashidi, mtu wa Kondoa, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpima Paskalina kwa muda mfupi kuliko Kandida alivyotarajia.

"Mtoto amekaa kiubavu, na bado ana uhai," akasema. "Hawezi kutoka kwa njia ya kawaida. Tunampasua sasa hivi."

Muuguzi akaleta karatasi ya kukubali ili Melkiadi aweke saini. Melkiadi akashika kalamu, na Kandida akamshika kifundo cha mkono.

Yeye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo. Mwalimu wao aliwaambia kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa, kila herufi ina sauti yake, na herufi haidanganyi. Hilo alilipenda. Ni watu wachache aliowahi kukutana nao wa namna hiyo. Sasa kwenye karatasi hii palikuwa na neno moja limeandikwa kwa wino, nalo halikukubali kusomeka: Caesarean.

"Hili linasemwaje?" akauliza.

"Sizeriani," muuguzi akajibu.

"Sizeriani iko wapi hapa? Mimi naona c, naona a, naona e. Sioni si wala ze."

"Mama, ni Kiingereza. Maana yake ni kupasuliwa."

"Kama maana yake ni kupasuliwa, kwa nini hamkuandika kupasuliwa?"

"Mama," muuguzi akasema, na safari hii hakupandisha sauti, "tukiendelea kuzungumza mtoto anakufa."

Kandida akauachia mkono wa mkwewe. Lakini kabla karatasi haijaondolewa alizikariri zile herufi tisa moja moja, kama mtu anavyokariri uso wa mwizi ili akamtaje baadaye.

Walimpa Paskalina nusukaputi, wakamwingiza. Melkiadi aliombwa damu, akatoa. Kandida aliifuata ile chupa kwa macho, na ilipoingizwa chumba cha upasuaji alisimama mlangoni hadi muuguzi akafungua pazia kidogo amwonyeshe kwamba inaning'inia juu ya mkono wa binti yake na si wa mtu mwingine. Jua lilikuwa halijazama bado alipoletewa mjukuu, msichana, mkono mmoja umevimba, analia kwa hasira. Paskalina akaamka baadaye akiomba maji.

Mtu mwingine angesema Mungu ni mwema, akaishia hapo. Kandida alisema Mungu ni mwema, halafu akaendelea kuangalia.

Siku ya kumi waliruhusiwa. Muuguzi mwingine, wa zamu ya asubuhi, aliandika kadi, akawapa. Nyumbani Nakwa, Kandida akaichukua kadi akakaa nayo juani. Neno lilikuwemo. Akalihesabu. C, e, s, a, r, e, a, n. Herufi nane. Akahesabu tena akigusa kila moja kwa ukucha. Cesarean. Ile a ya kwanza haikuwepo.

Wakati ule kila kitu kilipungua. Gunia la kilo mia lilifika na tisini, kitambaa cha mita mbili kilifika hakifuniki magoti, na hapakuwa na aliyesema kimepungukia wapi. Kwa hiyo Kandida hakuona ajabu kwamba hata neno limefika pungufu. Alichotaka kujua ni kilichochukuliwa. Walikubali kitu cha herufi tisa, kikafanyika kitu cha herufi nane. Kwenye foleni ya sabuni alikuwa amesikia wanawake wakinong'ona kuhusu fulani aliyepasuliwa na kufungwa kizazi bila kuambiwa, akakaa miaka akimlaumu mumewe. Akazijumlisha habari mbili hizi, na jumla haikumpendeza.

Kosa lake ni kwamba alisema. Jioni hiyo, Melkiadi akila makande, Kandida akaiweka kadi mbele yake pamoja na kipande cha karatasi alichoandika zile herufi tisa.

"Tazama mwenyewe," akamwambia. "Ulisaini hili. Wamefanya hili."

Melkiadi alitazama, akaacha kula. Alikuwa mtu mpole, lakini upole si kinga. Toka siku ile akaanza kumtazama mkewe kwa namna ya kupima. Akauliza mara ya kwanza kama mzaha: "Hivi kizazi chako kipo?" Mara ya pili hakukuwa na mzaha. Mama mzazi wa Melkiadi akapata habari, dada zake wakapata. Paskalina, kidonda hakijakauka vizuri, akajikuta anajibu maswali kuhusu kitu alichofanyiwa akiwa amelala.

"Mama, tumbo ni langu," alimwambia Kandida siku moja akilia huku mtoto ananyonya. "Umelitoa nje mkalizungumze kama shamba."

Kandida alijua binti yake ana haki. Lakini alijua njia moja tu ya kutoka kwenye shaka, nayo ni kwenda mbele zaidi. Akafunga kadi kwenye pindo la khanga, akaenda kwa katekista.

Katekista Wolfgang alikuwa mtu wa Mbulu aliyehamia Babati mwaka 1970. Alisoma seminari miaka minne kabla ya kuamua kwamba anataka kuoa, na kutoka huko alirudi na kamusi ya Kilatini isiyo na jalada. Alikuwa anapura mbaazi uani. Alilitazama neno lile, akafurahi kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake.

"Hili ni Kilatini, Mama Paskalina. Zamani waliandika sectio caesarea. Sectio ni mkato. Na hili la pili, watu wengi wanasema ni mkato wa Kaisari."

"Kaisari yupi? Yule wa kulipwa kodi?"

"Wa kabla yake. Yulio Kaisari. Wanasema alizaliwa kwa kukatwa tumbo la mama yake." Akakuna kichwa. "Ila sisi tulifundishwa kwamba mama yake aliishi mpaka mwanawe akawa mtu mzima anaongoza vita. Na siku zile mwanamke aliyekatwa hakupona. Kwa hiyo huenda si kweli."

"Basi ni uongo."

"Huenda. Wengine wanasema ni babu wa ukoo wake aliyetolewa hivyo. Wengine wanasema Kaisari hahusiki kabisa, neno limetokana na kitenzi cha kukata. Kinaandikwa caedere, ila kanisani tunasoma chedere."

"Kwa nini mnasoma kisivyoandikwa?"

Wolfgang akacheka. "Tulikikuta hivyo."

"Mwalimu, toka nimefika umesema huenda mara ngapi?"

"Hakuna anayejua kwa hakika. Ngoja, lipo la tatu." Akaketi vizuri, kwa kuwa hili alilipenda. "Wafalme wa kwanza wa Roma walikuwa na sheria, ndivyo ilivyoandikwa. Mwanamke akifa na mimba, ni marufuku kumzika kabla hajakatwa mtoto akatolewa. Sheria hiyo baadaye ikaitwa ya Makaisari. Kwa hiyo hapo mwanzo neno hili..."

Hakumaliza, maana Kandida alikuwa ameshasimama.

"Nani amekwambia hayo?"

"Nilisoma kitabuni."

"Kitabuni, au kwa watu wa Bonga?"

Wolfgang akamtazama bila kuelewa. "Bonga? Bonga kuna nini?"

Kandida alimchungulia usoni kwa muda mrefu. Alitafuta kile kitabasamu kidogo anachokuwa nacho mtu anayerusha jiwe na kuficha mkono. Hakukiona, na kutokukiona hakukumpa raha. Akachukua kadi yake akaondoka, hata kuaga hakuaga.

Njiani alitembea upesi, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anamwona. Neno la wafu. Wamemwandikia binti yake neno la wafu. Halafu nyuma ya fikra hiyo ikaja nyingine, iliyokuwa inamngoja miaka mingi. Kile alichofanya kwa wembe wake katika boma la Gidamis, kumbe kilikuwa na jina. Wafalme walikitungia sheria. Na kwenye sheria, sharti la kwanza ni kwamba mwanamke awe amekufa.

Wiki ya sita Paskalina alitakiwa kurudi kuangaliwa. Kandida akaenda naye, Melkiadi akafuatana nao. Walipata lifti ya lori lililopeleka mbao, na kwa kuwa ilikuwa Jumanne mchana hawakusimamishwa.

"Shikamoo, mama," Daktari Rashidi akamwamkia.

"Marahaba." Akaweka mezani kadi na kile kipande cha karatasi. "Nataka unionyeshe herufi hii a iko wapi."

Daktari alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha. Akavuta kiti karibu.

"Mimi nilisomea vitabu vya Waingereza," akasema. "Wao wanaandika a na e. Wamarekani waliitupa a wakabakiza e. Muuguzi aliyeandika kadi alifundishwa na Wamarekani. Neno ni lile lile, na kilichofanyika ni kile kile."

"Waliitupa kwa nini?"

"Haisomwi."

"Kama haisomwi, ilikuwa inafanya nini humo siku zote?"

"Hilo sijui, mama."

Jibu hilo Kandida alilipenda. Mganga, padre, mjumbe, wote aliowajua walikuwa na majibu. Huyu alikuwa amesoma kuliko wote, na alisema hajui.

Daktari alimwangalia Paskalina kidonda, akamwita Melkiadi aliyekuwa nje, akachora kwenye karatasi tumbo la uzazi na mirija yake miwili kama masikio ya mbuzi. Akawaonyesha alipopitisha kisu na alipopashona. Mirija hakuigusa. Kufunga kizazi kuna karatasi yake, akasema, na lazima mke mwenyewe akubali. "Atazaa tena Mungu akipenda. Ila asizalie nyumbani. Aje hapa mapema, kabla ya uchungu."

Melkiadi alitazama chini. Paskalina alimtazama Melkiadi. Kisha wakatoka nje pamoja, na Kandida akabaki.

"Katekista anasema neno hili ni la wafu," akaanza.

"Wanasema lilianzia huko. Zamani walikata aliyekwisha kufa, ili angalau mtoto apatikane. Siku hizi tunakata ili asife. Neno limebaki, kazi imegeuka."

Nje muuguzi aliita jina la mtu. Halafu Kandida akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeeleza bei ya mbaazi:

"Mimi nimewahi kukata."

Akamweleza yote, boma, wazee mlangoni, wembe, mtoto aliyelia. Halafu akamweleza kile ambacho hakuwahi kumwambia padre hata kwenye kitubio. "Nilipopitisha wembe, damu ilitoka. Nilikuwa nimeambiwa amekufa, sikupima mwenyewe. Nilikuta amefunikwa macho, nikaamini. Mimi, nisiyeamini mtu, siku ile niliamini. Daktari, maiti inatoka damu?"

Rashidi aliweka kalamu chini. "Ilitokaje? Ilirukaruka, au ilichuruzika?"

"Ilichuruzika. Kama mtungi wenye ufa."

"Una hakika?"

"Kila siku naiona."

"Moyo ukiwa unapiga, damu ya mkato kama ule haitoki taratibu, inasukumwa, inakurukia mikononi. Ikichuruzika tu, kwa kawaida moyo umeshasimama. Mtu akiwa amekufa muda mfupi damu bado huwa nyepesi. Na mtoto aliyetoka akiwa bado na pumzi maana yake ni muda mfupi sana."

"Unaniambia hivyo ili nitoke humu ofisini?"

"Nina wagonjwa arobaini hapo nje, mama. Ningetaka utoke ningekuambia utoke. Lakini siwezi kukuapia. Sikuwepo. Nani alikuwa naye kabla hujafika?"

Swali hilo Kandida hakuwahi kujiuliza. Miaka ishirini na miwili alikuwa amewaza watu wanamdhania nini, asiwaze kwamba kuna mmoja aliyekuwa anajua.

Mnada wa mwezi uliofuata alikwenda bila kitu cha kuuza. Alipita katikati ya ng'ombe na vumbi hadi akamwona Gidamis, mzee sasa, shuka jeusi begani, fimbo mbele yake. Gidamis akageuza uso kama kawaida. Kandida akazunguka akasimama upande aliougeukia.

"Siku ile kabla sijafika," akasema, "wewe ulikuwa ndani?"

Gidamis hakujifanya haelewi ni siku ipi. "Nilikuwa ndani."

"Alikuwa amekufa?"

Mzee alinyanyua fimbo akaielekeza angani, juu kidogo ya mlima. "Jua lilikuwa hapa. Kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu. Alikwenda, nikamfunga macho mimi mwenyewe." Akaishusha fimbo kidogo sana, kama upana wa viganja viwili. "Wewe ulipoingia jua lilikuwa hapa."

"Basi kwa nini umenikwepa hivi miaka yote? Nilifikiri unaniona muuaji."

"Wewe?" Akastaajabu kwa kweli. "Nikikuona wewe namsikia yule mtoto analia. Hivyo tu. Naondoka nisimsikie."

"Watu walisema niliua."

"Nilisikia." Akaichomeka fimbo ardhini. "Nilitakiwa kuwakataza. Sikuwakataza. Nilikuwa na uchungu, nikaona heri waseme jambo, lolote. Hilo ni kosa langu, mkunga."

Kandida alisimama pale hadi mnunuzi akaja kumuuliza Gidamis bei ya dume lake, ndipo akaondoka. Hakumwamini yote papo hapo. Njiani alijiambia mzee amechoka, kumbukumbu zimemchanganyikia, pengine jua lilikuwa kwingine. Alipofika kwake alisimama uani, akawa anainua viganja viwili juu ya mlima Kwaraa na kupima, mpaka Paskalina akamuuliza kwa uoga anahesabu nini. Akamsimulia. Paskalina ndiye mtu wa kwanza wa nyumba ile kuisikia habari hiyo kinywani mwa mama yake, na si kisimani.

Paskalina alipata mimba nyingine mwaka 1986. Melkiadi alikuwa amekwisha kuomba radhi, kwa maneno machache na kwa kazi nyingi, na mama yake alitafuta mambo mengine ya kusema. Mimba ilipofika mwezi wa nane Kandida mwenyewe akafunga mzigo, wakaenda kukaa karibu na hospitali kungoja siku. Daktari Rashidi alikuwa amehamishwa. Daktari mpya hakuwajua. Karatasi ililetwa, na kabla Paskalina hajaweka saini yake mwenyewe chini ya ile ya mumewe, mkunga yule mzee aliichukua akaisoma yote, muuguzi akingoja amekunja mikono.

Alipofika kwenye lile neno alihesabu herufi. Tisa.

"Mmerudisha a," akasema.

"Nini, bibi?"

"Hakuna kitu. Mpeni asaini."

Walipata mvulana. Mwaka uliofuata, wakunga wa jadi walipoitwa kwenye mafunzo ya wiki mbili, Kandida alikwenda, akakaa mbele, akamuuliza mkufunzi maswali hadi mkufunzi akaomba mapumziko. Alirudi na kisanduku chenye mkasi, uzi na kipande cha sabuni, akaendelea na kazi. Wanawake walio na mtoto aliyekaa kiubavu aliwapeleka hospitali mapema, akiwaeleza kwanza, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba watakatwa, mahali gani, na kwa sababu gani.

Wengine walimwuliza, Mama Paskalina, na wewe unawaamini hao?

"Hapana," aliwajibu. "Ndiyo maana nakwenda nawe."